UZI: Nimefungua na kufunga upya LSD ya Datsun 240Z. Sasa inagonga kwenye kona, na tairi moja bado linazunguka bure

#1 KijanaWaNgaramtoni
Wakuu, salama? Naomba msaada wa waliowahi kushika difu (gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa matairi mawili) kwa mikono yao.

Nina Datsun 240Z ya 1972, urithi kutoka kwa marehemu mjomba wangu aliyeishi Nakuru. Alikuwa anakimbia mashindano madogo ya barabara za udongo, ndiyo maana ndani ya difu ya R180 kuna LSD ya pleti, yaani difu inayobana ili tairi moja lisizunguke bure peke yake, badala ya difu ya kawaida. Gari lililala miaka kumi na moja chini ya mjakaranda. Nimelileta Arusha na kulifufua kidogo kidogo. Injini imekubali, breki zimekubali, ikabaki difu.

Mwezi uliopita niliishusha. Oili ilitoka nzito kama lami, na nilipoipaka kidoleni ikawa inang'aa unga wa chuma. Pleti nne zilikuwa zimeungua hadi zikageuka bluu. Nikaagiza pleti mpya, beringi na sili, nikaosha kila kitu kwa dizeli, nikapanga, nikafunga, nikajaza oili 80W-90.

Sasa matokeo. Nikikata kona polepole, mfano kuingia getini, nyuma kunalia gruu-gruu-gruu, halafu ko! Na kwenye kilima cha mawe cha kwenda kwangu, tairi la nyuma kushoto likinyanyuka kidogo tu linazunguka bure, gari linasimama. Difu inabanaje pasipotakiwa na kuachia panapotakiwa?

#2 OiliKwanza
Hiyo 80W-90 ni daraja gani la oili ya gia, GL ngapi? Na kopo limeandikwa kuwa inafaa LSD? Andika yote yaliyomo kwenye kopo.

#3 Mtwana_wa_Mark2
Pole mkuu. Mimi nina Toyota Mark II GX100, niliachana na mambo ya pleti, nikachomelea difu kabisa. Matairi yote mawili yanavuta saa zote. Dawa ya mwisho hiyo.

#4 KijanaWaNgaramtoni
@OiliKwanza kopo linasema GL-5, halitaji LSD popote.
@Mtwana_wa_Mark2 asante, ila 240Z ya mjomba haichomelewi nikiwa hai.

#5 DadaSpana
@Mtwana_wa_Mark2 usimpe mwenzio ushauri huo. Difu iliyochomelewa hailingani na LSD hata kidogo. Kwenye kona tairi la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani. Ukizifunga pamoja lazima moja liteleze. Kwenye lami kavu mzigo wote huo unaishia kwenye shafti. Nimebadilisha shafti za Mark II mbili zilizokatika kwa sababu hiyohiyo, moja ilikatikia Ubungo kwenye foleni.

#6 OiliKwanza
Jibu tumeshapata. GL-5 ni sahihi kwa meno ya difu ya namna hii, kwa sababu pinioni (gia ndogo inayoleta nguvu) inakaa chini ya kitovu cha krauni (gia kubwa ya duara) na meno yanasuguana kwa kuteleza. Lakini LSD ya pleti inahitaji pia dawa ya kulainisha msuguano. Bila dawa, pleti zinashika, zinaachia, zinashika, zinaachia. Ndiyo gruu-gruu yako. Badilisha oili, uzi ufungwe.

#7 MuscatGarage
Assalaam aleykum. Hapa Muscat nimeziona hizi Z kadhaa. Ndugu OiliKwanza amegusa nusu. Dawa itapunguza mlio, lakini itapunguza na kubana. Kijana analalamika kuwa tairi linazunguka bure; ukimlainishia zaidi, kilima ndiyo hakipandi tena.

#8 Msafiri77
R180 maana yake nguvu farasi 180, si ndiyo? Injini ya 240Z haifiki huko, kwa hiyo difu haiwezi kuwa imezidiwa.

#9 DadaSpana
Hapana @Msafiri77. 180 ni kipenyo cha krauni kwa milimita. R200 ni milimita 200, hiyo waliiweka kwenye 280Z. Haihusiani na nguvu farasi.

#10 MzeeWaKrosi
Wanangu, nimeusoma uzi wote. Nimefanya kazi hii Nakuru na baadaye Mombasa tangu nikiwa kijana wa kuosha vyuma, kwa hiyo nivumilieni kidogo, nitasema marefu.

Kijana, swali lako la mwisho ndilo zuri: inabanaje pasipotakiwa na kuachia panapotakiwa. Jibu liko ndani ya chungu chenyewe, kasha linalobeba pleti. Ukikifungua unakuta msalaba wa vyuma unaobeba vigia vidogo. Ncha za msalaba ule hazikai kwenye matundu ya duara. Zinakaa kwenye nafasi yenye umbo la V, kati ya pete mbili nzito za kubana. Ukikanyaga mafuta, chungu kinazunguka, matairi yanakataa, msalaba unapanda ule mteremko wa V na kuzisukuma pete mbili nje, moja kulia moja kushoto. Pete zinakandamiza pleti. Pleti za aina moja zina masikio yanayoshika chungu, za aina ya pili zina meno ya ndani yanayoshika gia ya pembeni. Zikikandamizwa, gia na chungu vinakwenda pamoja.

Sasa sikiliza. Msalaba unapanda mteremko kwa sababu matairi yanakataa. Tairi moja likiwa hewani halikatai kitu. Hakuna kinachousukuma msalaba, hakuna kinachokandamiza pleti. Kinachobaki ni springi za kisahani peke yake, zile zinazokandamiza pleti kidogo hata gari likiwa limesimama. Springi zikiwa zimechoka, au zimegeuzwa upande, una difu ya kawaida yenye vyuma vingi ndani.

Kwa hiyo naomba majibu mawili. Zile springi ulibadilisha au ulirudisha za zamani? Na ulipozirudisha, tumbo la kisahani lilitazama wapi?

#11 KijanaWaNgaramtoni
Shikamoo mzee. Springi nilirudisha zilezile, zilionekana nzima. Tumbo nililitazamisha kwenye pleti kama nilivyozikuta, lakini kusema kweli upande wa kulia ulinimwagikia mezani nikapanga kwa kufuata wa kushoto.

#12 MzeeWaKrosi
Marahaba. Haya, hapo ndipo moyo wangu unapokwenda.

#13 BirminghamMswahili
Heshima kwako mzee, ila mimi nasimama upande mwingine. Nina 260Z hapa Uingereza. Ule mlio wa "ko!" kwa hizi Z mara nyingi hautoki ndani ya difu. Difu imening'inia kwa mbele kwenye mauntingi ya mpira, na nyuma imeshikwa na kile chuma kirefu kilichopinda kama masharubu. Mpira wa mbele ukipasuka, pua ya difu inanyanyuka ukikanyaga mafuta na kuanguka ukiachia. Ko! Mimi nilifungua difu mara mbili bure kabla ya kuangalia mpira wa bei ndogo.

Weka jeki chini ya pua ya difu, inyanyue taratibu. Ukiona mpira unafunguka kama mdomo, umempata mwizi.

#14 DadaSpana
Na shafti za pembeni je? 240Z haitumii sivi jointi, kila upande una krosi mbili (viungo vya msalaba vinavyoruhusu shafti kupinda) na katikati kuna sehemu inayoteleza kwa gololi. Krosi ikiwa na mchezo inagonga hivyohivyo. Sehemu ya gololi ikikauka grisi inang'ang'ania kwenye kona, kisha inaachia ghafla.

#15 Msafiri77
Kwani hii si ndiyo gari aliloshinda nalo Shekhar Mehta Safari Rally ya 1971?

#16 MzeeWaKrosi
1971 alishinda Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller, kwa 240Z. Mehta alikuwa wa pili, naye kwa 240Z. Mehta alishinda 1973, na alifungana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun 1800 SSS. Akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi bila kukatwa pointi.

#17 Msafiri77
Na 1972?

#18 MuscatGarage
1972 Hannu Mikkola na Gunnar Palm, Ford Escort RS1600. Mshindi wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki. Marehemu baba alikuwa Mombasa wakati huo, habari hiyo haikuwa ikimtoka mdomoni.

#19 Mtwana_wa_Mark2
Kwa hiyo Escort iliipiga 240Z 🙂

#20 MzeeWaKrosi
Mwaka mmoja kati ya mitatu, mwanangu. Hesabu vizuri. Na ile ya 1971 bado Nissan wameitunza kwenye mkusanyiko wao kule Zama, Japani.

#21 OiliKwanza
Turudi kwenye difu jamani.

Kijana, uliziloweka pleti mpya kabla ya kuzipanga? Pleti kavu zikisuguana dakika ya kwanza tu zinakwaruzika. Mimi hulaza usiku mzima ndani ya oili ileile nitakayojaza. Baada ya kufunga unatafuta uwanja mpana, unazunguka umbo la nane polepole, kulia na kushoto, unaacha ipoe, unarudia. Halafu unamwaga oili yote, kwa sababu ile ya kwanza imebeba unga wa pleti mpya.

#22 KijanaWaNgaramtoni
Kuloweka sikuloweka. Nilizipaka oili kwa brashi. Umbo la nane ndiyo kwanza nalisikia leo.

#23 FundiKipimo
Jamani, mnabishana bila namba. Pimeni.

Giaboksi iwe huru, handbreki imeachiwa, tairi moja la nyuma liwe chini na jingine juu, yale ya mbele yametiwa vizuizi. Funga toki renchi (spana inayopima nguvu ya kuzungusha) kwenye kitovu cha tairi lililo juu, zungusha taratibu. Usisome namba ya kuanzia, soma ile inayokaa wakati tairi linaendelea kuzunguka. Namba hiyo ndiyo kazi ya springi. Linganisha na kitabu cha gari.

#24 Mtwana_wa_Mark2
Mbona kuna njia rahisi? Nyanyua matairi yote mawili, zungusha moja kwa mkono. La pili likifuata upande uleule LSD ni nzima, likienda kinyume ni difu ya kawaida.

#25 FundiKipimo
Inakwambia kuna msuguano fulani ndani, basi. Matairi yakiwa hewani hata springi iliyochoka inatosha kulivuta la pili. Nimeona LSD zilizokufa zikipita mtihani huo bila shida.

#26 DadaSpana
Niongeze onyo kwa wasomaji wapya. Kamwe usiwashe gari lenye LSD na kuingiza gia huku tairi moja tu la nyuma likiwa juu ya jeki. Lile la chini linavuta pia. Binamu yangu alifanya hivyo Tabata akitaka kusikiliza beringi. Gari liliruka kutoka kwenye jeki likaenda kusimama ukutani. Alikuwa amesimama pembeni, Mungu alimlinda. Matairi yote mawili juu, kwenye stendi, ndipo uwashe.

#27 KijanaWaNgaramtoni
Nimerudi wakuu. Jumamosi yote nimekuwa chini ya gari. Nimepima kama @FundiKipimo alivyoelekeza. Inazunguka kwa Newton-mita 20 hivi, na haibadiliki nikiendelea. Upande wa pili ni vilevile.

Mauntingi ya mbele nimeinyanyua kwa jeki: mpira una ufa upande mmoja, kama urefu wa ukucha. Haujafunguka wote.

Krosi za kulia hazina mchezo. Ya ndani kushoto, nikishika shafti na kuizungusha kushoto na kulia, nasikia kidogo mkononi, kama jino linaloanza kulegea.

#28 MzeeWaKrosi
20 ni ndogo. Gari la udongo mimi ningependa mara mbili au tatu yake. Springi hizo.

#29 BirminghamMswahili
Mpira wenye ufa ni mpira uliokufa. Mzigo wa gia ya kwanza si mzigo wa jeki. Mimi bado niko palepale.

#30 DadaSpana
Na mimi niko kwenye krosi ya kushoto. Tairi analolalamikia ni la kushoto.

#31 FundiKipimo
Kuna jambo hakuna aliyeuliza. R180 ina vifuniko viwili vya pembeni vinavyoshika beringi za chungu, na kila kifuniko kina shimu zake, zile pete nyembamba za kurekebisha nafasi. Kijana, ulipovifungua uliweka alama kipi cha kulia na kipi cha kushoto, pamoja na shimu zake? Ukizichanganya, chungu chote kinasogea upande. Mchezo kati ya krauni na pinioni unakuwa mkubwa au mdogo kuliko inavyotakiwa. Ukiwa mkubwa, kila ukikanyaga na kuachia mafuta unasikia ko!

Ulipima mchezo huo kwa geji ya saa (kipimo chenye mshale) ulipofunga? Difu za namna hii mchezo wake huwa kati ya milimita 0.10 na 0.20.

#32 KijanaWaNgaramtoni
Kushoto na kulia niliweka alama ya rangi, nyekundu na nyeupe. Shimu nilizitia kwenye kopo moja.

Geji ya saa sina. Nilipima kwa mkono.

#33 FundiKipimo
Kwa mkono huwezi kutofautisha 0.15 na 0.35, kaka. Hata mimi siwezi, na nina miaka kumi na minane kwenye kazi hii. Azima geji.

#34 MuscatGarage
Nina swali kuhusu mpangilio wa pleti. Zinatakiwa kupokezana: yenye masikio, yenye meno, yenye masikio, yenye meno. Mbili zenye masikio zikilala pamoja, zinazunguka pamoja na chungu, hapo kati hakuna msuguano. Umepoteza uso mmoja wa kubana. Na ule upande wa kulia ulikumwagikia mezani.

Pia zikipangwa mimi hupima unene wa kila rundo kwa maikromita. Mimi sikubali kulia na kushoto vitofautiane zaidi ya milimita 0.05. Pleti mpya hazilingani unene hata zikitoka boksi moja, inabidi uzibadilishanebadilishane mpaka marundo yalingane.

#35 Msafiri77
Nimesikia Subaru Impreza STI nazo zina R180 yenye LSD. Si anunue hiyo aweke nzima, mambo yaishe?

#36 BirminghamMswahili
Wengi wanafanya hivyo huku, na kwa jina ni R180 kweli. Lakini meno ya vishina vya shafti hayaoani na ya Z, lazima uchongeshe vishina vipya. Na uwiano wa gia nao uuangalie. Z za Marekani zilikuja na 3.364, za Japani 3.9, ukibadilisha bila hesabu, mwendo wa gari na spidomita vinaacha kupatana.

#37 KijanaWaNgaramtoni
@Msafiri77 nashukuru, ila hii LSD mjomba aliifunga mwenyewe. Ndani ya kifuniko cha nyuma kuna herufi zake alizochora kwa msumari. Nataka hiihii ifanye kazi.

#38 MzeeWaKrosi
Umenena, mwanangu.

Nikupe jaribio la bure ungali unatafuta geji. Nenda kwenye kilima chako cha mawe. Tairi likianza kuzunguka bure, vuta handbreki kidogo, mikato miwili au mitatu tu, usifunge. Kwenye Z handbreki inashika nyuma. Lile tairi la hewani litapata kitu cha kulikataa, msalaba utapanda, pete zitabana, na nguvu itavuka kwenda upande wa pili. Madereva wa udongo wamelifanya hili miaka yote.

#39 KijanaWaNgaramtoni
Nimetoka kilimani sasa hivi, mikono bado inatetemeka.

Kwanza nilibadilisha oili, nikaweka yenye dawa ya LSD. Nikazunguka umbo la nane kwenye uwanja wa shule, mara kumi kila upande, nikaacha ipoe, nikarudia. Gruu-gruu imepungua sana, karibu kuisha. Ko! iko vilevile.

Kilimani tairi la kushoto likaanza tena kuzunguka bure. Nikavuta handbreki mikato mitatu. Lilisita, likasimama, la kulia likauma mawe na gari likapanda hadi juu. Nilishuka nikaenda kushika kitovu cha tairi kama mtu anayempongeza farasi.

#40 OiliKwanza
Nilisema oili.

#41 MzeeWaKrosi
Kwa hiyo miteremko na pete ni vizima na zinabana zikipata sababu. Kilichokufa ni springi. Jambo limekwisha.

#42 MuscatGarage
Mzee, kwa heshima yote, halijakwisha. Jaribio lile lingefaulu hata kama pleti mbili zimelala vibaya, zingebana kwa nguvu pungufu tu. Halitenganishi springi na mpangilio.

#43 FundiKipimo
Wala halisemi chochote kuhusu ko!, ambayo haikuguswa na oili, umbo la nane wala handbreki. Shimu.

#44 BirminghamMswahili
Mpira.

#45 DadaSpana
Krosi. Na krosi inaangaliwa bila kushusha difu, kwa hiyo aanze na yangu.

#46 Kombo_Tanga
Naingia nimechelewa. Kuna kitu nilikiona kwenye LSD ya Escort Mk2 ya rafiki yangu, yenye pete na miteremko kama hii. Ule mteremko wa V ulikuwa umechimbika pale ncha ya msalaba inapolala. Kijishimo kidogo, ukipitisha ukucha unanasa. Msalaba ulikuwa unakwama kwenye kijishimo, nguvu ikizidi unaruka ghafla. Ko! Pleti zilikuwa mpya, springi mpya, mpira mpya. Kijana, ulipoosha pete ulipitisha ukucha kwenye miteremko?

#47 KijanaWaNgaramtoni
Niliziangalia kwa macho, zilikuwa zinang'aa. Ukucha sikupitisha.

Nimeazima geji ya saa kwa jirani anayechonga vyuma, ananipa Alhamisi. Mpango wangu: nabadilisha krosi ya kushoto na mpira wa mbele difu ikiwa palepale, nasikiliza. Ko! ikibaki, nashusha, napima mchezo kabla ya kulegeza bolti yoyote, halafu nafungua chungu upande wa kulia kwanza. Nitapiga picha kila pleti inapotoka.

#48 MzeeWaKrosi
Vizuri. Zile pleti za zamani, za bluu, umezitupa?

#49 KijanaWaNgaramtoni
Hapana mzee, ziko kwenye sanduku la mjomba.

#50 MzeeWaKrosi
Zitoe uzipange mezani kwa mpangilio uliozitoa nao, kulia mbali na kushoto mbali, upige picha karibu. Nataka kuona ni upande upi umeungua zaidi.